Bustani ya Wanyama ya Entebbe na Habari Zake

Katika toleo hili nataka kuwaeleza habari za Bustani ya Wanyama ya Entebbe, ambayo sisi wa Kidato cha Sita tuliitembelea muhula uliopita pamoja na mwalimu wetu wa elimu ya viumbe. Wengi wenu mmekwisha kuiona, na ninyi mliotutangulia katika shule hii mtaikumbuka kwa jina la Zuu. Lakini kuwaona wanyama ni jambo moja, na kujua kwa nini wamewekwa pale ni jambo jingine. Hilo la pili ndilo nitakalolieleza, maana ndilo lililotufanya tubishane ndani ya basi njia nzima ya kurudi shuleni.

Entebbe iko kilometa zipatazo 40 kutoka Kampala, katika rasi iliyoingia Ziwa Viktoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Jina la mji latokana na neno la Kiganda lenye maana ya kiti, na kweli mji huu ulikuwa kiti cha Serikali ya Kiingereza tangu miaka ya 1890 hata uhuru ulipopatikana mwaka 1962. Idara iliyosimamia wanyama wa porini nayo ilikuwa na ofisi zake hapo. Bustani yenyewe ina hekta zipatazo 29, nayo inashuka polepole chini ya miti mikubwa mpaka ufukoni mwa ziwa. Tumbili wadogo wa porini huzunguka humo kama wenyeji, na ukiacha chakula chako juu ya benchi, usimlaumu mtu.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1952. Mwaka huo ni mkubwa katika historia ya wanyama wa Uganda, kwa kuwa ndio mwaka zilipotangazwa mbuga zetu mbili za taifa za kwanza, Murchison Falls na ile ambayo baadaye ilipewa jina la Queen Elizabeth. Hapo mwanzo Entebbe hapakuwa mahali pa maonyesho. Palikuwa makao ya yatima. Wanyama wachanga waliofiwa na mama zao, wagonjwa waliookotwa, na wale walionyang'anywa watu waliowakamata kinyume cha sheria, wote waliletwa hapo walelewe. Basi kusudi la kwanza lilikuwa jema na jepesi kufahamika: mnyama aliyepata taabu atafutiwe mahali pa kuponea.

Katika miaka ya 1960 kusudi hilo lilibadilika. Pakawa bustani ya kutazamia wanyama, kama zile za miji mikubwa ya Ulaya. Wakaletwa hata wanyama ambao si wa nchi yetu hii, kama vile dubu, na chui milia wa bara la Asia. Watu walifurahi, na nani asingefurahi kumwona dubu kwa macho yake? Lakini fikirini: mtoto wa Entebbe aliweza kumjua dubu wa nchi za mbali, huku asijue habari za ndege aliye katika bendera yake mwenyewe.

Wakati huo wa maonyesho ndipo alipofika Zakayo. Watoto wa shule wa vizazi vingi hapa Uganda wamemjua Zakayo kuliko walivyowajua mawaziri wengi. Alikuwa sokwe mtu, aliyezaliwa mwaka 1964 magharibi ya nchi, akaishi kwanza mikononi mwa watu, kisha akaletwa Entebbe mwaka 1976, mwaka ule ule ambao ulimwengu mzima ulilisikia jina la Entebbe kwa sababu ya ndege ya Ufaransa iliyotekwa. Jina lake litawakumbusha wasomaji wa Injili ya Luka yule mtu mfupi aliyepanda mkuyu, nalo lilimfaa sana mnyama akaaye mitini. Nawaomba mwendelee kumkumbuka Zakayo, maana maisha yake ni kama kipimo cha kupimia maisha ya bustani yenyewe.

Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980 ilikuwa miaka ya shida. Wazee wetu wanaifahamu kuliko sisi tunaoisoma vitabuni. Bunduki zilienea kila mahali, na nchi isiyoweza kuwalinda watu wake itawezaje kumlinda tembo? Inakadiriwa kwamba katika miaka ya 1960 Uganda ilikuwa na tembo wapatao 30,000; katika miaka ya 1980 walibaki wapatao 2,000 tu. Vifaru walikuwa wa namna mbili, weusi na weupe, na ilipofika mwaka 1983 hakubaki hata mmoja wa namna yo yote katika pori la Uganda. Waliuawa kwa ajili ya pembe zao. Katika miaka kama hiyo bustani ya wanyama haikuweza kusitawi, maana mnyama wa kizimbani hula kile tu anacholetewa, na mleta chakula mwenyewe alikuwa hana hakika ya chakula chake.

Mwaka 1994 ukawa mwanzo mpya. Bustani ilitolewa katika hali ile ya zamani ikafanywa kituo cha kufundishia habari za wanyama wa Uganda. Vizimba vidogo vikaanza kuondolewa, na mahali pake pakatengenezwa nyua pana zinazofanana na kwao kwa mnyama: majani ya nyika kwa pundamilia, kinamasi kwa ndege wa majini, miti ya kupanda kwa sokwe. Kwa hiyo ukiona leo kwamba simba yuko mbali nawe, amejificha nyuma ya kichaka, usinung'unike kuwa umepoteza kiingilio chako. Kichaka kile amepandiwa makusudi ili aweze kukukimbia.

Sasa niwaeleze jinsi kazi inavyokwenda humo, kama tulivyoelezwa na mzee mmoja mtunza wanyama aliyetuongoza. Mnyama akiletwa hawekwi pamoja na wenzake siku hiyo. Hutengwa kwanza katika karantini, akachunguzwa na daktari wa wanyama, kwa sababu anaweza kuwa na ugonjwa utakaowamaliza wengine. Sokwe ni jamaa yetu wa karibu katika damu, na mafua ya mwanadamu yaweza kumwua. Ndiyo maana hairuhusiwi kumkaribia ovyo wala kumtupia chakula. Mnyama akipona, ndipo huulizwa swali kubwa: je, aweza kurudi porini?

Wapo wanaoweza. Kobe aliyekamatwa akiwa mzima, au chatu aliyeingia nyumbani mwa watu, hurudi kwao bila taabu nyingi. Lakini sokwe ni kesi nyingine kabisa. Tulipofika kwao tulikuta kisiwa kidogo chenye majani na miti, kimezungukwa na maji. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mzee, hawawezi kuvuka?"

"Kijana," akajibu, "sokwe hajui kuogelea. Mwili wake ni mzito, misuli mitupu; akiingia ndani huzama. Maji haya ni ukuta kwake, ila ni ukuta asioushika kwa mikono."

"Na kwa nini msiwarudishe msituni?"

Mzee akatueleza sababu tatu, nami naziandika kwa kifupi. Ya kwanza, mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne au mitano, na katika muda huo hujifunza kwa mama yake matunda yapi yanaliwa, majani yapi ni sumu, na jinsi ya kutengeneza kitanda chake mtini kila jioni. Aliyelelewa na watu hakusoma shule hiyo. Ya pili, sokwe huishi kwa makundi yenye mipaka, na madume wa kundi humwua mgeni aingiaye katika nchi yao. Ya tatu, aliyezoea watu hawaogopi. Atatoka msituni aende kijijini kutafuta ndizi, na huko atapigwa mkuki. Basi kumfungulia mlango si kumpa uhuru. Ni kumpeleka kufa.

Ndiyo sababu mwaka 1998 ilifanywa hila nyingine. Kisiwa cha Ngamba, kilicho ziwani kilometa 23 hivi kutoka Entebbe, kilifanywa makao ya sokwe yatima, nao wakahamishiwa huko. Kisiwa hicho kina hekta 40 hivi, karibu zote ni msitu. Humo hutembea mchana kutwa kama wapendavyo, na watunzaji huwaongezea chakula, kwa kuwa matunda ya kisiwa hayawatoshi. Na hapa kuna jambo lililotushangaza wengi: majike huko hupewa dawa ya kuzuia uzazi. Nilidhani mwenye wanyama wachache hutaka wazidi. Lakini kila mtoto angezaliwa humo angechukua nafasi ya yatima mwingine anayengojea, na tena asingekuwa na msitu wa kwenda. Makao ya yatima hayajengwi ili yajae.

Zakayo hakurudi porini. Alibaki Entebbe, akawa mkuu wa kundi lake kwa miaka mingi, akazeeka, akafa mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 54. Sokwe wachache sana hufikia umri huo. Alifika katika bustani ya maonyesho, akavumilia miaka ya njaa, akauona mwaka 1994, akamalizia siku zake kisiwani. Mtu akikuuliza historia ya bustani ya Entebbe, waweza kumsimulia ya Zakayo nayo ikatosha.

Habari ya vifaru ni ya namna nyingine, nayo inatuhusu sisi na jirani zetu wa Kenya. Baada ya vifaru wa Uganda kwisha, vijana wa hapa walikua wakimjua kifaru kwa picha tu. Mwishoni mwa mwaka 2001 wakaletwa Entebbe vifaru weupe wawili kutoka shamba la Solio nchini Kenya, ili watu waone walichopoteza. Kisha pakatengwa eneo la Ziwa, katika wilaya ya Nakasongola, lenye kilometa za mraba 70 hivi. Mwaka 2005 wakaletwa huko vifaru wanne, nao pia kutoka Solio, na mwaka 2006 wawili kutoka Marekani. Mtoto wa kwanza alizaliwa mwaka 2009, na kwa kuwa baba yake ni Mkenya na mama yake ni Mmarekani, aliitwa Obama. Wote tulicheka tulipoelezwa hayo. Lakini mwalimu wetu alitukumbusha kwamba vifaru hawa ni wa ukoo wa kusini. Wale weupe waliokuwa kwetu walikuwa wa ukoo wa kaskazini, na dume wa mwisho wa ukoo huo, aliyeitwa Sudan, alifia Kenya mwezi wa Machi 2018, wakabaki majike wawili tu. Hasara ya namna hiyo hakuna shamba la jirani liwezalo kutulipia.

Mwisho tulifika kwa ndege mmoja wa ajabu, ambaye Waganda humwita bulwe. Urefu wake ni kama futi nne, rangi yake ya majivu, na mdomo wake mpana kama kiatu cha mbao. Husimama kinamasini kimya muda mrefu hata ukadhani ni sanamu, akimngojea kamongo atoe kichwa kuvuta pumzi. (Kamongo ndiye samaki ambaye Waganda humwita mmamba, wanafunzi wa Kiswahili wasimchanganye na mamba wetu mwenye meno.) Zamani wavuvi wa kinamasi cha Mabamba, ng'ambo ya Entebbe, walimwona kuwa ni nuksi: ukikutana naye asubuhi, siku hiyo hupati samaki. Kwa hiyo walimwua. Siku hizi baadhi ya wavuvi wale wale huwachukua wageni kwa mitumbwi kwenda kumtazama, nao hupata fedha. Ndege hakubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni faida ya kumwacha hai.

Basi nirudie yale mabishano ya ndani ya basi. Mwenzetu mmoja alisema: "Hili ni gereza. Wanyama wamefungwa bila kosa." Mwingine akasema: "Afadhali gereza! Ubaya wenyewe ni kwamba sokwe ana daktari wake, na zahanati ya kwetu haina hata dawa ya malaria." Maneno yote mawili yana uzito, nami sitayapuuza.

La kwanza nalijibu hivi. Gereza humchukua mtu kutoka nyumbani kwake. Bustani ya miaka ya 1960, iliyomtoa dubu katika nchi yake, yaweza kuitwa hivyo. Lakini yatima wa Entebbe hawakutolewa nyumbani na bustani. Walitolewa na waya, na panga, na mnunuzi. Bustani huwapokea baada ya hayo. Hakuna mtu aitwaye hospitali kuwa ndiyo inayoleta ugonjwa.

La pili ni gumu zaidi, na mimi mwenyewe nalijua, maana kwetu ni Bunyoro, karibu na msitu wa Budongo. Mashamba ya miwa yamefika ukingoni mwa msitu, na sokwe hutoka wakala miwa na mapapai. Katika sehemu za Bunyoro ambako msitu umekatwa, sokwe wamewahi kushambulia hata watoto wadogo wakawaua. Mzazi aliyepatwa na msiba huo hutamwambia habari za Zakayo. Na watu wa kwetu hawamli sokwe. Hutega nyaya kwa ajili ya paa na nguruwe mwitu, wapate kitoweo. Lakini waya hauchagui. Wataalamu wanaofanya kazi Budongo tangu mwaka 1990 wameona sokwe wengi wenye viganja vilivyokatika au vidole vilivyopinda kwa sababu ya mitego isiyowekwa kwa ajili yao.

Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu robo ya nchi yetu. Mwaka 2015 ilikuwa imebaki karibu sehemu moja ya kumi. Hapo ndipo naona jibu la mwenzetu wa zahanati. Sokwe aliye msituni hahitaji daktari wetu, wala uji wetu, wala mzee wa kumchunga. Msitu humlisha bure, tena hutuletea sisi mvua na kuzihifadhi chemchemi zetu. Gharama huanza siku tunapokata msitu na kumwua mama. Anayetaka fedha za bustani ziende zahanati, basi na aanze kwa kupunguza yatima.

Yafaa pia tukumbuke kwamba jambo hili si elimu ya Wazungu peke yake. Mzee aliyetuongoza alituuliza kila mmoja mwiko wa ukoo wake. Mmoja akasema tumbili, mwingine kamongo, mwingine chui, mwingine pongo. "Babu zenu," akasema, "walimgawia kila ukoo mnyama wake, asimwue wala asimle. Leo mnakumbuka jina la ukoo mnapotaka kuoa tu." Tulinyamaza.

Nafikiri kazi yetu sisi wanafunzi si kubwa sana, lakini ipo. Usinunue mtoto wa mnyama wala kasuku wa kijivu anayeuzwa kandokando ya njia, hata ukimwonea huruma. Ukimnunua mmoja, muuzaji atarudi msituni kutafuta wa pili. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kukataza biashara ya kasuku huyo atokaye porini, na sheria yetu ya wanyama ya mwaka 2019 yaweza kumpa mwuaji wa wanyama walio hatarini hata kifungo cha maisha. Ukiona mnyama amefungwa nyumbani mwa mtu, peleka habari kwa Mamlaka ya Wanyamapori. Na ninyi wazee wetu mliomaliza hapa, ambao sasa ni mahakimu, wenye mashamba na madiwani, ninyi ndio mnaokaa katika mikutano inayoamua kama msitu fulani utakatwa au utaachwa. Sisi bado hatualikwi huko. Tunawaomba mtusemee.

Wenzangu mtakaokwenda Entebbe muhula ujao, chukueni daftari, na msisahau kumwuliza mtunzaji kila mnyama ametoka wapi na kwa nini yuko pale. Majibu mengine yatawafurahisha. Mengine mtayaandika kimya.